Mtumbwi Uliochongwa Msituni Kwangu

Jumanne, 2 Julai 2024

Wameukata mvule!

Nilipanda msituni asubuhi kuokota kuni kavu za kuchomea vyungu. Kabla sijafika kwenye chemchemi nikasikia harufu ya mti mbichi. Nikajua. Mvule mkubwa kuliko yote aliyoniachia baba — chini! Kisiki bapa kama meza. Hiyo ni chenso, si shoka. Matawi wameyatupa juu ya chemchemi, maji yanatafuta pa kupitia.

Na gogo halijaenda popote. Wanalichonga palepale! Upande mmoja umeshapata ncha, tumbo limeanza kuchimbwa. Mtu anajichongea mtumbwi ndani ya msitu wangu, wala hana haraka. Tezo yake kaificha chini ya majani.

Sikulia. Niliondoa matawi niliyoyaweza, nikarudi na kuni zangu.

Hezekia, mume wangu, anasema huenda ni watu wa serikali. Serikali ichonge mtumbwi! Basi, akasema, tunyamaze, tusije tukajua ni nani. Mwanaume huyu.

Jumatano, 3 Julai

Leo nilimtangulia mwizi. Nikakaa juu ya gogo na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha, nikangoja.

Akaja mmoja, peke yake. Ambakisye, fundi mitumbwi wa upande wa Ikombe. Namjua kwa sura, tunaonana sokoni Lyulilo. Mtu mzima, mvi zimemjaa. Akavua kofia: "Mugonile, Mama Jeni." Mwizi gani anasalimia? Nikamwuliza anatafuta nini kwenye msitu wangu. Akashangaa — kweli, si kwa kuigiza. Mti kauziwa na Godwin. Godwin kamwambia msitu ni wa baba yake, naye akalipa mtamba, ng'ombe wake pekee.

Godwin! Mtoto wa baba yangu mkubwa. Baba alinipa msitu huu mbele ya wazee wa kanisa, na Godwin alikuwepo, anakula wali wetu.

Mtumbwi wa zamani wa Ambakisye ulipasuliwa na mawimbi mwaka jana. Tangu hapo yeye na wanawe wanavua kwa kuazima. Aliposikia msitu ni wangu alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Nikamwonea huruma, hasira nikazielekeza kwa Godwin mwenyewe.

Nikamwambia achonge tu. Akanitazama. Mvule hautasimama tena, nikasema, na gogo likiachwa hivi jua litalipasua. Chonga. Ila mtumbwi ni wangu, na mti mwingine usiguse.

"Na ng'ombe wangu, mama?"

Ng'ombe yuko kwa Godwin, nikamwambia, na njia ya huko unaijua.

Chai alikunywa. Ndizi alikataa.

Ijumaa, 5 Julai

Kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilikwenda na hati yangu ya kimila ya msitu. Akaisoma kana kwamba hajawahi kuiona. Nikamwonyesha sahihi yake mwenyewe pale chini! Akacheka kidogo. Ni kweli, anasema, lakini ninyi ni ndugu, myamalize nyumbani. Ikishindikana, baraza la kata litakaa mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi mtumbwi utakuwa umeshavuka ziwa.

Akampigia Godwin simu, akaiweka sauti kubwa ili nisikie. Nikasikia! Mwanamke aliyeolewa ana msitu gani? Akalime kwa mumewe. Mwenyekiti akawa anaangalia kandambili zake.

Nilimshukuru. Ndaga fijo, mwenyekiti. Nikaondoka na hati yangu. Njiani nikajikuta naimba — ya kwaya, ile ya sauti ya pili. Ajabu. Lakini sasa najua hakuna wa kumngoja, na mtu asiyengoja anatembea vizuri.

Jumapili, 7 Julai

Godwin alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, anatabasamu. Dada Neli, tutaongea kifamilia. Nikasema mrudishie fundi ng'ombe wake kwanza. Akacheka kwa sauti ili watu waone tunapatana.

Hezekia alitembea mbele, haraka, hadi nyumbani. 

Jumamosi, 13 Julai

Soko lilichangamka. Vyungu vikubwa vimeisha vyote kabla ya saa sita.

Beatrice — anapanga vyungu vyake ubavuni mwangu tangu tulipokuwa wasichana — kaniletea habari. Godwin anawaalika watu kuvuta mtumbwi Jumamosi ijayo. Ng'ombe atachinjwa, pombe ipo. Kwa nini ajihangaishe hivyo na mtumbwi alioshauza? Beatrice ndiye aliyeniambia: keshapata mteja wa mivule miwili iliyobaki. Kijiji kizima kikivuta mtumbwi kwa wito wake, kesho nani atabisha kwamba msitu si wake?

Ana akili, kaka yangu. Nakubali.

Lakini mtumbwi wa mvule haushuki mlimani kwa miguu yake. Lazima watu. Na watu hao ni waume na wana wa hawahawa wanawake ninaouza nao vyungu. Nikamwambia Beatrice, na mimi naalika. Ijumaa! Siku moja kabla yake. Mchele ninao, samaki watapatikana, togwa nitatengeneza mwenyewe. Beatrice akapiga vigelegele katikati ya soko, wateja wakageuka. Kabla hatujafunga mizigo tulikuwa na wanaume wa kutosha kuvuta, na kamba mbili za kuazima.

Sijafurahi hivi siku nyingi.

Jumanne, 16 Julai

Ambakisye alikuja nyumbani. Kamaliza kuchonga. Alikwenda kwa Godwin kudai mtamba wake. Mtamba hayupo — ametolewa mahari ya mtoto wa Godwin, keshafika Makwale kwa wakwe.

Alikaa kwenye benchi na kofia magotini. Akasema yake wazi, bila kuzunguka: Godwin akiuvuta Jumamosi, mimi nina mtumbwi. Wewe ukiuvuta Ijumaa, sina ng'ombe, sina mtumbwi, sina hata ujira.

Ni kweli. Nilikuwa sijaliangalia kutoka upande wake.

Nikafikiri huku napepeta mchele. Halafu nikamwambia: mtumbwi utakuwa wangu, lakini utavua nao wewe na wanao. Jumamosi unanipelekea vyungu Lyulilo. Siku nyingine zote ni zako, samaki ni wako. Ninachotaka ni kimoja. Mbele ya watu, kwa mdomo wako, useme mti ulikuwa wa nani.

Akasema Godwin ana watu. Nikasema ninao pia. Akasema mimi ni mgeni huku, Mama Jeni, nikishatamka maneno hayo sina pa kuyaficha.  Nikampa togwa.

Ameondoka bila kusema ndiyo. Hakusema hapana.

Alhamisi, 18 Julai

Kupika, kupika, kupika. Nyumba imejaa wanawake. Hezekia kachukua panga asubuhi akaondoka bila kuaga. Ameamua kutokuwepo, nadhani. Sawa.

Ijumaa, 19 Julai

Naandika nikiwa ndani ya mtumbwi. Nina daftari kwenye kikapu cha sahani, na mikono inataka kazi.

Tulianza vizuri mno! Nilipofika juu nilikuta magogo ya kutelezeshea yamepangwa kuanzia kisikini hadi chini kwenye kona — yamemenywa maganda, laini. Hezekia! Jana kutwa alikuwa huku. Nikamtazama, akajifanya anakaza fundo la kamba. Mume wangu huyu.

Beatrice akaanzisha wimbo, wanaume wakashika kamba, mtumbwi ukanguruma, ukatoka. Mzuri jamani. Mwekundu ndani kama chungu kinachotoka motoni. Ambakisye alikuwepo, lakini hakushika kamba. Alitembea pembeni, anaangalia kazi yake tu.

Hapa katikati ya mteremko, Godwin. Na vijana wake saba au wanane, njia nzima wameiziba. Anasema kamba zishuke chini. Mti huu ni wa ukoo, aliuuza yeye, mnunuzi huyu hapa — akamnyooshea Ambakisye kidole — na atakayevuta kwa ajili ya Neli ni mwizi kama Neli.

 Kamba zikaachwa, moja baada ya nyingine. Siwalaumu, ni majirani zake pia. Hezekia kasukuma kabari chini ya mtumbwi usije ukaporomoka, kisha kasimama mbele yake na panga mkononi, limeelekezwa chini.  Hajaondoka.

Mimi ndipo nikapanda, nikakaa. Nikamwambia Godwin: basi uvute nikiwemo. Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Mwenyekiti kapigiwa simu, anasema yuko njiani. Atakuwa njiani hadi jioni, namjua.

Siogopi. Nikiwa hapa juu naliona ziwa lote, na moshi wa jikoni kwangu.

Godwin anamwita Ambakisye. Njoo uwaambie umenunua kwa nani! Ambakisye yuko juu ya jiwe, kainamisha kichwa. Godwin anaita tena.

Anasimama. Kavaa kofia yake. Hamtazami Godwin, wala mimi. Anashuka hadi mbele ya mtumbwi, anainama, anaokota kamba na kuizungusha begani.

"Mama Jeni," anasema — kwa sauti, wote wamesikia — "shuka kwenye mtumbwi wako. Unaongeza uzito."

Godwin hajasogea njiani.

Nashuka.