Baba, Nilikata Kona Pale Getini

Baba yangu,

Jumapili hii wananiita kikao. Baba mdogo amenipigia simu mwenyewe, hakutuma mtu, ndipo nikajua jambo limeiva. Wanataka niombe radhi mbele ya ukoo kwa nilichofanya kesho yake baada ya kukuzika. Wanataka nifute maandishi yaliyo kwenye kioo cha Kosta, lile basi lako dogo. Wanataka na gari lenyewe lirudi kwenye kazi uliyoifanya wewe, ya kubeba wafiwa, na nisipokubali litauzwa, kwa kuwa eti ni mali ya ukoo. Wamenisema kwenye kundi la familia, wamenisema kanisani, wamenisema mpaka kwa muuza mkaa wa hapa Mkolani. Basi na mimi nakuandikia wewe hadharani. Anayetaka kusoma asome.

Nilikuwa na miaka tisa ulipoanza kunichukua kwenye safari zako za misiba wakati wa likizo. Kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya chai ya tangawizi isimwagike, na kukukumbusha kama kuna mtu tumemwacha vichakani akijisaidia. Mtu akifariki Igoma au Ilemela na kwao ni Mara, walikutafuta wewe, kwa sababu hukukimbiza gari na ulijua kila njia ya vumbi kuanzia Magu hadi kijijini kwetu, ng'ambo ya Bunda. Wakati wa kwenda hukuruhusu hata redio. Wakati wa kurudi ulifungulia taarifa ya habari, ikiisha ulizima.

Na kila safari tulipita Ndabaka, pale geti la hifadhi lilipo kando ya lami, mkono wa kulia tukienda, wa kushoto tukirudi. Nilikuuliza ndani kuna nini.

"Wanyama."

"Umewaona?"

"Nimewaona wakivuka barabara. Inatosha."

"Mbona siku moja hatukati kona?"

"Hapo ni pa wazungu, Nyangeta. Sisi tuna mtu wa kuzika."

Wakati wa kurudi, tukiwa hatuna tena mtu wa kuzika, nilikuuliza tena, ukasema tuna haraka. Haraka ya nini, baba? Tulikuwa tunarudi nyumbani kula ugali. Nililigeukia lile geti mpaka likapotea nyuma ya kioo, na nilikukasirikia hadi Magu.

Nilipokua ukanitafutia kazi ya kukata tiketi stendi ya Nyegezi, kazi ya kukaa kitini, ukajisifu nayo kwa majirani. Miaka sita kwenye kile kibanda nilijifunza kitu kimoja: watu wetu hawasafiri bila kujitetea. Msiba, harusi, hospitali. Walinieleza sababu hata nisipouliza, kana kwamba ningewanyima tiketi. Siku moja akaja Mama Kulwa, yule muuza dagaa wa soko la mwaloni, akauliza nauli ya Musoma. Nikamwambia kwa mazoea, "Pole mama, nani amefariki?"

Akanikazia macho. "Nyie nanyi! Kwani lazima mtu afe ndo nipande basi? Nataka nikaone tu."

Halafu akaona aibu, akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kukata tiketi. Nilifunga dirisha nikamkimbilia. Tulikaa kwenye benchi la muuza uji, na kabla hajamaliza kikombe nilikuwa nimeshaamua kuacha kazi. Wewe ulipoambiwa uliweka kijiko chini, ukasema, "Umeacha kazi ya mezani ukatembeze wanawake?" Ndiyo, baba. Nikatembeze wanawake.

Safari ya kwanza ilikuwa Ukerewe, kulala siku moja. Ulinikodisha Kosta kwa kuwa wiki ile hakuna aliyefariki, na ukaliendesha mwenyewe kwa kuwa hukumwamini mtu. Unakumbuka tulivyotoka? Wanawake walishona sare ya kitenge. Magodoro na masufuria juu ya gari, gunia la mkaa nyuma, na gari lenyewe ni lile ambalo mtaa mzima ulilijua kwa kubeba maiti. Hatujawasha hata injini, nikamwona mjumbe wa mtaa anakuja na daftari na bahasha ya rambirambi, nyuma yake majirani na ndoo ya mchele. Mama mmoja alishaanza kulia. Mjumbe akavua kofia akasema poleni sana, marehemu ni nani?

Nilifikiri utataja jina. Kisha ukasema, huku unatazama tairi, "Hakuna msiba. Wanakwenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Kutembea tu."

Yule mama aliyekuwa analia alikasirika kweli, akabeba ndoo yake ya mchele akarudi kwake. Sisi tulicheka hadi Kisesa, wewe hukucheka. Uliona aibu, na aibu yako ilinichoma kuliko maneno ya mtaa. Ndiyo maana ulipoanza kuona ukungu machoni, ukanipa funguo na kusema, "Shika, lisije likaota majani hapo nje," jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumwita fundi wa mabango. Nilimwambia aandike juu ya kioo cha mbele, kwa rangi nyekundu, maneno yako uliyoyasema ukitazama tairi: HAKUNA MSIBA. Ulipoyasoma ulizunguka gari mara mbili, ukaingia ndani.

Nikasomea leseni ya kubeba abiria, nikawa naendesha mwenyewe. Walisema biashara ya utalii ni ya watu wenye magari ya kufunguka juu na hoteli zenye bwawa. Mimi nililaza watu kwenye kumbi za makanisa na mabweni ya shule wakati wa likizo. Tulipika wenyewe, tulibeba vyandarua vyetu, na aliyeshindwa kulipa kwa mara moja alilipa kidogo kidogo mwaka mzima. Nimewapeleka wauza nyanya wa Misungwi wakaone jiwe linalocheza kule Ukara. Nimempeleka mwalimu mstaafu Saanane, kisiwa alichokitazama kutoka darasani maisha yake yote ya kazi bila kukikanyaga. Mara nyingine tulinyeshewa, mara moja tulikula ugali na chumvi kwa sababu mimi nilisahau mboga Mkolani. Sikuwahi kumpeleka mtu mahali halafu akaniuliza alikwenda kufanya nini.

Wewe uliuliza. Siku ile springi ilipokatika Lamadi ulipanda basi ukaja na vifaa, macho yako yakiwa mabovu vile vile, ukamwelekeza fundi kwa kupapasa. Wanawake walikuwa ufukweni wamekunja vitenge, wanarushiana maji. Uliniuliza, "Hawa wanacheka nini?" Nikasema wanacheka tu. Ukakaa kwenye tairi la akiba ukawasikiliza mpaka gari likapona.

Baada ya hapo nilikwambia kwamba safari ijayo tunaingia Ndabaka, Jumamosi, vibali vimeshalipiwa, na kiti cha dirishani nyuma ya dereva ni chako. Ulisema, "Mimi kipofu nikafanye nini huko?" Kesho yake tukinywa chai ukauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hilo geti wanafungua saa ngapi?" Nikasema saa kumi na mbili asubuhi. Ukasema, "Basi mtoke mapema."

Hayo tu. Sitawadanganya kikaoni kwamba uliniruhusu.

Ulifariki Jumatano ya wiki hiyohiyo, presha, hata chai hukumaliza. Wanawake wa safari walikuja wote wakakaa nami mkekani. Mama Kulwa akasema, "Tunakwenda kumzika baba yetu. Hiyo nyingine tutaona." Ijumaa tukakupandisha kwenye Kosta lako, katikati ya viti, mara ya kwanza linabeba msiba bila wewe kushika usukani. Baba mdogo alisema maneno ya kiooni ni matusi kwa marehemu, akayafunika kwa gazeti na gundi. Nilikubali. Niliendesha kama ulivyonifundisha, bila redio. Tulipopita geti nilitazama mbele.

Ulizikwa vizuri, baba. Hotuba zilikuwa ndefu, kila aliyesimama alitaka kutuonyesha alikujua zaidi, na kila nilipotaka kulia kuna mtu alinishika bega akaniambia nijikaze, mimi ndiye mkubwa. Nikajikaza. Asubuhi ya Jumamosi ilibidi wanawake warudi kwenye biashara zao. Baba mdogo akasema niwafikishe Mwanza, nigeuze, nirudi matangani.

Nilipoliona geti nilipunguza mwendo, sikupanga. Nikawasha indiketa ya kushoto. Nikasikia Mama Kulwa nyuma yangu, taratibu, "Dereva, unakwenda wapi?" Nikasema, "Ni Jumamosi." Nikakata kona.

Askari wa getini alikagua vibali, akatazama kanga zetu za msiba, akauliza gazeti kiooni ni la nini. Nilishuka nikalibandua kwa kucha. Akasoma yaliyokuwa chini yake, akatutazama tena, akavua kofia. "Karibuni," akasema.

Hatujafika mbali twiga akasimama katikati ya njia. Hakuogopa, hakuwa na haraka. Nikazima injini. Hapo, ambapo hakuna mtu wa kunishika bega, nililia mpaka kanga ikalowa, na wale wanawake walilia pamoja nami, kila mmoja na wake aliyemzika kwa haraka. Twiga alikuwa anakula majani. Baadaye sijui nani alisema nini, tukaanza kucheka, ndipo ikapigwa ile picha wanayonisemea: mimi na kanga nyeusi kichwani, nimefungua mdomo wote, twiga nyuma yangu. Jioni ilikuwa kwenye simu ya kila ndugu. Hakuna aliyepiga picha ya kile kilio.

Kwa hiyo Jumapili nitakwenda. Nitamwamkia baba mdogo shikamoo, nitakaa chini, nitamsikiliza mpaka amalize. Kwa kuchelewa kurudi matangani nitaomba radhi, maana wanawake wa nyumbani walinioshea vyombo vya zamu yangu. Kwa kukata kona sitaomba, leo wala kesho. Maandishi hayafutwi, jana nimeyarudishia rangi. Na funguo ulinipa mkononi ukiwa mzima na akili zako. Anayezitaka aje azichukue kwenye mkono uleule, nione.

Jambo la mwisho, na hili nakwambia wewe ingawa najua litasomwa. Juzi alinipigia mama mdogo, mke wa huyohuyo anayeitisha kikao. Aliongea kwa sauti ya chini, nikasikia kuku, nadhani alijificha bandani. Nilifikiri ananionya nisije. Aliuliza habari za watoto, akauliza bei ya kahawa ya huku mjini. Kisha akauliza, "Mwanangu, hivi hilo geti wanafungua saa ngapi?"

Nimemwandikia kiti chako, cha dirishani nyuma ya dereva. Tutatoka mapema.

Mwanao mkubwa, niliyeshika chupa ya chai na sasa nashika usukani,

Nyangeta