Kalamu Iliyoandikwa Lerford

Jumatatu, 8 Septemba

Nasahihisha vichwa vya matangazo tangu asubuhi. Mgongo unauma. Kazi yangu ni moja tu, na nimeieleza mpaka mate yamenikauka: mtu anayetafuta kalamu ya zamani kwenye mnada wa mtandaoni haoni kalamu, anaona maneno. Jina la kampuni, rangi, nibu, yaani ncha ya kuandikia, ni ya madini gani, inajazwaje wino. Andika sawasawa, watu wa mbali wataiona na wataigombania. Kosea herufi moja, umeizika.

Leo mtu wa soko la Owino kaleta kalamu nzuri kweli, lakini kabla sijaigusa alikuwa ameshajiandikia tangazo kwenye simu yake. "Karamu ya zamani, ina dhahabu." Mnunuzi wa Nairobi akauliza karamu yenyewe ni siku gani na aje amevaa nini. Mama Neema, anayesafisha na kufunga kalamu, alicheka mpaka akaweka sindano yake ya maji chini. Huko kwao Bukavu hawana ugonjwa huu. Mimi sikucheka. Hapa Kampala mji mzima unabadilisha L na R utakavyo, na anayekaa kusafisha ni mimi.

Na wako wanaofaidika. Nawaita wala-makosa. Wanajua watu huandika vibaya, kwa hiyo wanatafuta kwa makusudi jina lililokosewa. Wanaikuta kalamu imekaa peke yake, hakuna mshindani, wanaichukua kwa bei ya mandazi. Hawavunji sheria yoyote. Nawachukia.

Bwana Tumwine, mwenye duka, kauliza kwa nini nisiwe nasahihisha zote kwa pamoja kila Ijumaa. Nimemwambia tena: mtu akishatia dau la kwanza, kichwa cha tangazo kinafungwa. Hakibadiliki mpaka mnada uishe. Kaitikia kwa kichwa. Hajaelewa.

Jumanne, 9 Septemba

Ramadhani kanipigia simu. Kisha tena. Sikupokea. Ni mtoto wa Baba kwa mwanamke wa Namuwongo, na akinipigia huwa ana la kuomba.

Mvua. Umeme umekatika mchana wote. Sina zaidi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeiona. Nimeandika sentensi hii na kuifuta, na sasa naiandika tena. Nimeiona kalamu ya Baba.

Ilikuwa kwenye foleni ya matangazo mapya yanayopitia duka letu, yakinisubiri niyasahihishe. Picha imepigwa juu ya mkeka wa plastiki. Kalamu ya kampuni ya Relford, ya kijani. Kifuniko kimejaa alama za meno, maana Baba alikuwa polisi aliyetakiwa kuandika ripoti kwa Kiingereza, na Kiingereza kilimtoa jasho, akawa anatafuna kalamu. Ningeyajua meno yale popote.

Nilipokuwa darasa la saba aliniambia, mbele ya Mama: hii utakuja kuandika nayo wewe. Halafu akafa, na sanduku lake lilikuwa Namuwongo, kwa Nakimuli, nyumba yake ya pili. Tulimzika nyumbani Arua. Nakimuli alikuja, akalia kuliko sisi, akarudi Kampala, na sanduku likabaki kwake. Hakuna aliyeniuliza mimi chochote.

Nilijua iko siku wataiuza. Kwa hiyo miaka yote hii nimeweka kengele mnadani kwa jina Relford, inilie ikitokea. Haikulia. Ingeliaje? Wameandika LERFORD. Na muuzaji ni "Lamazani". Mtu mzima hawezi kuandika jina la kalamu wala jina lake mwenyewe.

Nina hasira. Mnada unafungwa Jumapili jioni.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijasahihisha.

Nimesahihisha nyingine zote. Nimefika kwenye hii, nimeweka kidole juu ya ile L, nimekiondoa. Nikiandika Relford leo, ifikapo kesho watu wenye pesa zao wataamka nayo. Hiyo si kalamu ya mshahara wangu. Nikiiacha Lerford, hakuna atakayeiona. Iko kaburini, na mwenye jembe ni mimi.

Basi nimetia dau. Dau la chini kabisa linaloruhusiwa. Wafanyakazi haturuhusiwi, kwa hiyo nimetumia akaunti niliyomfungulia Mama zamani, kwa jina lake. Kimya. Dau langu peke yake.

Mama Neema kaniangalia. "Dada, ile kompyuta imekukosea nini leo? Unaipiga sana." Nimemwambia ni kibodi, imekwama. Akaniambia niipangushe na spiriti.

Sioni haya. Nimeiandika ili nikisoma baadaye nijue kwamba siku hiyo sikuona haya. Waliichukua bila kuniuliza, naichukua bila kuwauliza.

Ijumaa, 12 Septemba

Ramadhani katuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza chooni ili asinisumbue mtu.

Nanakili, kwa sababu kila nikiukumbuka naubadilisha kichwani ili nizidi kumkasirikia: "Dada, habali yako. Nilipiga simu, hukushika, najua uko na kazi. Ile kalamu ya Mzee tunauza. Nilitaka kuuliza ile jina yake naandika namna gani, wewe ndiyo unajua hiyo mambo. Mama anataka tujenge kabuli ya Mzee. Mvua imeingia ndani, imezama. Ni hiyo tu, Dada. Tafadhali angalia kama nimeandika vizuli."

Kaburi! Nani kamwambia Nakimuli ajenge kaburi? Kaburi ni letu. Liko kwetu Arua, kwenye uwanja wa Mama yangu. Wajenzi ni sisi, na tungejenga. Kila Krismasi tunasema tutajenga. Mwanamke kachukua sanduku, kachukua kalamu, sasa anataka na kaburi, ili watu wa Arua wapite waseme, tazama, wa Namuwongo ndiye aliyemfunika mume, wa kwanza na watoto wake waliosoma wako wapi.

Sikumjibu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimetembea mpaka soko la Kalerwe kununua mboga nisizozihitaji. Nimegombana na muuza nyanya. Alikuwa na haki.

Nimempigia Mama nimwambie yote, nikitegemea tukasirike pamoja. Nimeanza na Nakimuli na kaburi. Mama kanikata kauli. Anajua. Nakimuli alimpigia kabla hajaitoa kalamu sandukuni, akaomba ruhusa, na wakakubaliana wao wawili. Wanaongea, kumbe. Wanaongea tangu msiba, na mimi ndiye niliyekuwa nawawekea vita.

Nikasema, lakini kalamu niliahidiwa mimi. Mama akasema, "Kaburi liko mbele ya mlango wangu. Kila nikifagia naona limeshuka. Wewe uko huko unalinda kalamu."

Sikumwambia kwamba dau liko kwa jina lake.

Nina hasira bado. Tatizo ni kwamba leo sijui niielekeze wapi. Nimeipiga teke ndoo.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimefungua tangazo nikaamua: naandika Relford, na itakayokuwa iwe.

Hakibadiliki. Kichwa kimefungwa, kwa sababu kuna dau. Dau lenyewe ni langu. Mimi niliyewafokea watu wote dukani kuhusu kanuni hii, mimi ndiye niliyefunga mlango nikabaki ndani. Nimekaa nikiangalia yale maandishi ya kijivu yasiyokubali kubonyezwa. Nimetukana kwa Kilugbara, kwa Kiswahili na kwa Kiganda, na mpangaji mwenzangu kagonga ukuta.

Njia iliyobaki ni kumpigia Bwana Tumwine, alifute tangazo, lianze upya. Nitamwambiaje bila kumwambia nani aliyetia dau? Nitafukuzwa. Nimeshika simu muda mrefu. Nimeiweka chini.

Nikajipangia hivi: nashinda mimi, naipata kwa bei ya chini, halafu nampelekea Ramadhani bei ya haki kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Kaburi litajengwa, kalamu itabaki. Kila mtu atapona. Nikaona nimekuwa mwerevu. Nikapika chai.

Baadaye, siku hiyo hiyo:

Imeondoka.

Dakika ya mwisho kabisa kuna mtu katia dau juu ya langu. Kidogo tu juu yake. Nikajaribu kuongeza, mtandao ukazunguka, ukazunguka, mnada umefungwa. Namjua kwa jina la akaunti. Yuko Ulaya huko, hununua kwetu mara kwa mara, na kila anachonunua kina kosa kwenye kichwa. Mla makosa. Amekaa akaandika Lerford kwenye kisanduku chake cha kutafutia, akaikuta kalamu ya baba yangu imekaa peke yake.

Kapata kwa bei ya mandazi. Nakimuli kapata bei ya mandazi. Mimi sijapata kitu. Ningeweza kusahihisha Jumatano. Herufi mbili, kazi ninayolipwa kuifanya. Nataka kumlaani yule mtu na siwezi, kwa sababu tangazo nilimwachia mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Kazini. Bwana Tumwine anashangaa Relford safi kama ile imeuzwaje bei hiyo. Kaniuliza ilinipitaje. Nikasema nilikuwa na kazi nyingi. Akasema basi, hutokea.

Nilitaka anifokee. Hata hilo kanikatalia.

Alhamisi, 18 Septemba

Malipo yamefika, na Ramadhani kaleta kalamu ili tuitume. Amekuja kwa miguu kutoka Namuwongo, viatu matope, kalamu imefungwa kwenye kitambaa cha mama yake, ndani ya mfuko, ndani ya mfuko mwingine. Sikuwa nimemwona tangu mazishi. Ana paji la uso la Baba. Alinisalimia kwa mikono miwili, kama dada mkubwa anavyosalimiwa.

Alikuwa na furaha. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama.

"Asante, Dada. Bila duka yenu, nani angeona kalamu ya sisi? Sasa tutaweka simenti. Pesa haitoshi yote, lakini inatosha upande ya kichwa. Mama amesema tuanze na kichwa."

Nikasema vizuri. Nikamuuliza hali ya mama yake, naye akaniambia macho yanamsumbua kidogo, lakini ananisalimia. Nilikuwa na la kumwambia na lilifika mpaka kwenye meno. Akaaga. Nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Kalamu haisafirishwi ikiwa na wino. Mama Neema aliichukua akaitazama kwenye mwanga. "Iyi iko na wino ndani bado, dada. Ilikauka tu." Nikamwomba aniachie. Akanisogezea bakuli na maji ya vuguvugu, akaenda kula.

Nilizamisha nibu na kuvuta kile kijiti cha pembeni kinachokamua mfuko wa mpira. Mwanzo hakikutoka kitu. Kisha uzi mwembamba wa buluu, ukashuka mpaka chini, ukatawanyika. Nikavuta tena. Bakuli zima likawa buluu. Huo ndio wino aliouvuta yeye, kwa mkono wake, kwa ripoti fulani asiyoimaliza. Nikamwaga, nikaweka maji mengine, nayo yakawa buluu. Sikuwa na haraka. Ofisi ilikuwa kimya, watu wote wako kwenye chakula.

Mwishowe maji yalitoka meupe. Nikaikausha kwa kitambaa cha Nakimuli, nikapitisha kidole kwenye alama za meno, nikaifunga. Kisha nikaandika anwani ya mnunuzi kwenye boksi, herufi moja moja, bila kukosea.