Lenzi Mpya ya Kizamani

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Nipo Kibiti, nimeshiba wali wa nazi kwa kamba, na mbu nao wameshiba damu yangu.

Ile lenzi ya kamera uliyoninunulia Kariakoo nimeijaribu. Enzi hizi za ruksa ya biashara hata uzee tunaagiza kutoka nje! Wameiga ile ya marehemu baba mpaka ubovu wake: wa katikati anaonekana vizuri, wa pembeni ukungu mtupu.

Juzi bwana mkubwa wa mradi alinipeleka deltani nimpige picha akizindua pampu ya maji kwa mara ya tatu. Haijatoa hata tone. Nikawaonya watu, "Asiyekaa katikati hataonekana."

Bi Somoe, kiongozi wa kinamama, akauliza, "Hata mheshimiwa?"

"Hata mheshimiwa."

Basi wakamsogeza kwa adabu zote: "Karibu huku kivulini, baba, jua kali." Pale katikati wakaiacha pampu, wakaizungushia ndoo zao tupu.

Picha nimeisafishia hapa Kibiti, ndiyo hii kadi. Igeuze. Pampu utaiona mpaka kutu yake. Ule ukungu wenye tai ndiye mwajiri wangu.

Bandika chai, dada yangu mpenzi. Naona nitarudi mapema.

Mdogo wako,
Shabani