Chupa Moja kwa Zizi Zima

Igogo, Mwanza
Jumapili, nimetoka misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba uipokee hata kama ukifika mwisho wa barua utatamani kunirudishia. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dada Adera inasaidia, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa, na sitaki kukuzungusha.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Unasema yule mtamba niliyekuletea ametupa mimba, na baada ya wiki chache Bihogo, ng'ombe aliyetuachia marehemu Baba, naye akatupa. Unasema umemwambia jirani yako Mama Koku, mbele ya jumuiya nzima ya kanisa, kwamba ni jicho lake, kwa kuwa alisimama zizini akimsifia mtamba, na sasa hamsalimiani. Mama, Mama Koku hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana nasikia umewatangazia watu kuwa mimi ni daktari. Siku hizi serikali imejitoa katika mambo mengi, dawa za mifugo zinauzwa madukani kama sabuni, na ofisini kwetu vipimo vya virusi vya kutupisha mimba vinatoka nje, ni ghali, tunapewa vichache. Hatuwezi kumpima kila ng'ombe. Kwa hiyo tunachukua maziwa kijiko kimoja kwa kila ng'ombe anayekamuliwa, tunachanganya kwenye chupa moja, tunapima hiyo chupa. Ikiwa safi, zizi zima tunaliacha. Ikionyesha ugonjwa, ndipo tunarudi kupima mmoja mmoja. Ni njia nzuri, tena mimi ndiye niliyeipigia debe mpaka bosi akakubali. Inataka kitu kimoja tu, mpimaji asimame palepale aone kila ng'ombe akikamuliwa.

Mimi sikusimama. Ilikuwa kwa Mzee Masanja, mfugaji mmoja nje ya mji, njia ya Shinyanga. Nilikwenda na viatu vipya nilivyonunua Mkuyuni, na zizi lilikuwa tope tupu. Mke wake, Mama Kabula, akaniwekea kiti kivulini, akaniita daktari, akanipa maziwa ya mgando. Mama, nilipenda. Mimi niliyekuwa nikimkamua mama yake Bihogo kabla ya kwenda shule, niliona haya kuchutama chini ya ng'ombe mbele ya watu walioniita daktari. Nikampa Mama Kabula chupa na kijiko, nikamwambia achukue kidogo kwa kila mmoja. Akarudi nayo imejaa. Ikapimwa, safi kabisa. Nikaandika kwamba zizi halina ugonjwa, na kwa kuwa niliamini karatasi yangu mwenyewe, nikanunua kwao mtamba mwenye mimba, nikampakia melini, nikakuletea ili kibanja chako cha migomba kipate samadi.

Nilipopata barua yako, kesho yake nilirudi kule. Nikamuuliza Mama Kabula, kwa upole, siku ile alikamua vipi. Akacheka. Kumbe walikuwepo ng'ombe watatu waliowahi kutupa mimba, na yeye aliona si adabu maziwa yao yaingie kwenye chupa ya mgeni.

"Mtu ametoka serikalini, nimpe maziwa ya ng'ombe mgonjwa?" akaniambia. "Nilikujazia ya yule mweusi peke yake. Ndiye mwenye maziwa matamu."

Alidhani nakwenda kunywa na wakubwa zangu. Hakuna aliyemweleza, na wa kumweleza alikuwa amekaa kivulini anakunywa mgando.

Nikavua viatu, nikaingia topeni, nikakamua ng'ombe wote tisa kwa mkono wangu. Safari hii chupa ilionyesha ugonjwa. Nimemwambia bosi. Akavua miwani, kisha akasema nirudie mazizi yote niliyopima mwaka huu. Hilo silalamiki. Linaloniuma ni kwamba nimekupelekea ugonjwa nyumbani kwako, nikauita zawadi.

Sasa sikiliza, tafadhali. Huyo mtamba mfunge peke yake nyuma ya jiko. Asichangie maji na wengine, wala asipandwe na dume la mtu. Usimuuze, hata akija mtu wa kukubembeleza, maana utakuwa unamuuzia ugonjwa. Na ng'ombe wa Mama Koku, uliandika kwamba ana mimba na huwa anachungwa bondeni pamoja na wako. Kuanzia leo wasikutane. Virusi hivi havionekani kwa macho, ng'ombe anaweza kunawiri huku anavigawa. Nimeomba ruhusa kazini, mwisho wa mwezi nitapanda meli nije niwapime mwenyewe, na nitaanza na wa Mama Koku, kama atakubali nikanyage kwake.

Msalimie dada Adera. Msalimie Baba Mdogo, katekista wetu, na umwambie aache kunitaja kanisani kama mfano kwa vijana. Msalimie Bibi na fimbo yake.

Mama Koku simtumii salamu za juujuu. Nakujua, Mama. Utakwenda kwake jioni na mkungu wa ndizi, utamwambia yamekwisha, na jina langu hutalitaja ili nisiaibike. Usifanye hivyo. Yeye ulimwaibisha mbele ya jumuiya. Basi jumuiya mkikutana Alhamisi, mpe Adera barua hii aisome yote kwa sauti, asiruke kitu, pamoja na habari ya viatu.

Mwanao, ambaye si daktari,
Projestus