Bamba Alilochomelea Mdogo Wako

Mume wangu Baba Kulwa,

Leo ukoo wenu umekaa hapa uani kwangu, Mwakitolyo, kuamua kama mdogo wako Masanja arudi nyumbani au abaki hukohuko Masumbwe alikokimbilia baada ya kukuzika. Wakazunguka weee, mwisho shangazi yako akanigeukia: "Mama Kulwa, aliyekufa ni mumeo. Ukisema asikanyage hapa, hatakanyaga." Basi neno likawa langu. Nakuandikia mbele za watu, kwa sababu kila mwenye bunduki na kila mwenye mashine ya kuchomelea kwenye machimbo haya inafaa asikie.

Unaikumbuka siku ile ya Kahama? Ulikuwa umepewa kazi ya kuwafundisha walinzi wa machimbo kulenga shabaha, ukawa unatafuta mabamba ya chuma ya kupiga. Mimi nilidhani tunakwenda kununua kitenge, kumbe unanipeleka kwenye vyuma chakavu, jua linachoma. Muuzaji akakutolea kipande kilichokatwa kwenye pipa la karasha, ile mashine yetu ya kusagia mawe ya dhahabu. "Mzee, hiki kimesaga mawe miaka na miaka. Risasi itakifanya nini?" Ukapitisha kidole juu yake kama mama anayekagua kichwa cha mtoto. Ukasema kimepinda na kina vishimo, na risasi ikiingia kwenye kishimo inageuka na kumrudia aliyeipiga. Kisha ukatoa tupa yako, ukasugua, chuma kikakwanguka. "Laini," ukasema, ukaondoka. Chuma hatukununua, kitenge sikupata. Nilinuna mpaka nyumbani.

Bamba ulilolitaka ulilipata Mwanza. Lilikuwa limenyooka kabisa na gumu, tupa inateleza juu yake, na muuzaji alikuonyesha alama ya ugumu wake. Matundu ya kulining'inizia ulitaka yatobolewe kwa keekee, si kwa moto. Ukalifunga kule bondeni kwa vipande vya mkanda wa mpira, uso wake ukiinamia chini kidogo. "Vipande vya risasi vipige mchanga, visitafute watu," ulisema. Nyuma yake ukaweka rundo la marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Walinzi uliwasimamisha mbali, kila mmoja na miwani ya kinga na vizibo masikioni. Hata mimi niliyeleta uji! Nikakuuliza, kwani uji nao siku hizi unanywewa kwa miwani? Ulicheka sana, lakini hukuniruhusu kuteremka bondeni mpaka nilipoivaa.

Siku moja nikisonga ugali nilikuuliza kwa nini usumbuke na mikanda ya mpira, na nyumbani tuna Masanja, fundi wa kuchomelea anayesifiwa machimbo yote. Si akuchomelee ndoano tu? Ukanijibu: "Chuma kile kilifanywa kigumu kiwandani, kwa moto na kwa kupozwa. Ukikirudisha kwenye moto wa kuchomelea, pale moto ulipopita panalainika kama huo ugali wako." Nikakwambia ugali wangu haujawahi kuwa laini, uulize wageni. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiongea, mimi na wewe.

Bamba lile nalo likafikia mwisho wake. Lilipoanza kuonyesha vishimo hukubishana nalo. Ulilishusha, ukaliegemeza nyuma ya stoo, ukaagiza jingine. Kisha ukaitwa Ushetu kumzika mjomba wako.

Huku nyuma Masanja akaliona. Na hapa kwetu, nani asiyejua, karasha ikitoboka hakuna anayeitupa. Fundi anaijaza, anaisawazisha, kesho inasaga mawe. Akafanya hivyohivyo. Alijaza vishimo vyote, akasawazisha kwa grenda, akapaka rangi nyeupe, akalining'iniza mahali pake. Alitaka kaka yake akirudi kutoka msibani akute jambo la kumfurahisha. Nawe uliporudi ukadhani ni lile ulilokuwa umeagiza. Ukaniambia, "Watu wa Mwanza safari hii wamewahi," ukavaa viatu ukatoka.

Ulikuwa na desturi yako: bamba jipya wa kwanza kulipiga ni wewe, walinzi wote wakae nyuma. Ukapiga. Risasi ikachimba pale moto ulipopalainisha, kipande kikarudi, kikapita chini ya miwani, kikaingia shingoni. Wanasema uliketi taratibu kama mtu aliyechoka. Hospitali hukufika.

Nimekulilia, Baba Kulwa, na nimekukasirikia. Ndiyo, wewe! Masanja nilimchukia kiasi kwamba jina lake likitajwa naacha kula. Lakini leo wazee walipokuwa wakimwita mzembe, wengine muuaji, nilijikuta nauliza moyoni: hivi nani alimwambia? Watoto wa watu uliwafundisha. Mimi mwenye mwiko mkononi ulinifundisha. Ndugu yako mwenye mashine ya moto, anayelala chumba cha pili, hukumwambia neno. Kwako alikuwa mdogo siku zote, wa kutaniwa kwamba ng'ombe wa mahari watazeeka zizini. Ulikosea. Inaniuma kumwandikia marehemu hivi, na najua shangazi yako atanisema. Lakini nikinyamaza, fundi mwingine atachomelea bamba jingine kwa mapenzi yaleyale, na mwanamke mwingine atakaa matanga.

Wazee wakamwita Masanja kutoka nje ya ua, alikokuwa akingoja uamuzi. Amekonda, shati linamwelea. Alipiga magoti mbali kabisa, karibu na banda la kuku, kana kwamba hapa si kwao.

"Shikamoo, shemeji."

Kulwa wetu akanikazia macho. Nilikuona umeketi pale chini bondeni, nikamwona na yeye akisugua lile bamba kwa furaha ya kukungoja. Sikuweza kumtenga mmoja na mwingine.

"Marahaba," nikasema. "Umekula?"

Akaangua kilio. Nikamwambia haya, ale kwanza, kulia kutamsubiri, maana Jumamosi ana kazi. Atakwenda bondeni mbele ya walinzi, na mafundi wote wa kuchomelea nimeagiza waitwe. Atalishika lile bamba kwa mikono yake, awaonyeshe pale moto wake ulipopita, kisha aseme kwa kinywa chake lilimuua nani.

Wazee wakatazamana. Masanja akafuta uso kwa kiganja, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, nitaweza kweli?"

"Hutaweza," nikamjibu. "Ndiyo maana nitasimama na wewe."

Wabeja, asante, Baba Kulwa, kwa yote uliyonifundisha. Pumzika, sasa hivi namtandikia mdogo wako kitanda.

Mkeo,
Mama Kulwa