Akina Mama Wametii Bango Langu

Mama Viviane, mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima zote na naomba unisaidie haraka, kwa sababu mimi ni directeur wa shule ndogo ya msingi kando ya ziwa Tshangalele, mtu mwenye diplôme na miaka kumi na saba ya kazi, na kwa miezi mitatu sasa wazazi wa kijiji hiki wananitii katika kila jambo, na utii wao unaniua. Tafadhali ufiche jina langu, maana gazeti lenu linafika mpaka Kapolowe na mke wangu Eugénie ana ndugu huko, tena ndugu wenyewe wanapenda kucheka.

Shule yetu ina walimu wanne, watu wa hapa ni wavuvi, na wake zao hubanika samaki ufukoni, juu ya vichanja, hatua mia mbili hivi kutoka darasani. Wanafunzi wakitoka masomoni huenda kuwasaidia mama zao kugeuza samaki, na miaka miwili iliyopita mama mmoja anayeitwa Albertine, asiyejua kusoma hata jina lake mwenyewe, alichoshwa na kelele zao akawaambia waje na vitabu, mtoto mmoja asome kwa sauti mpaka samaki wageuzwe upande wa pili, ndipo mwenzake apokee. Mimi sikuulizwa, nilidhani ni mchezo, lakini wale mama walianza kufuatilia hadithi, hasa ile ya mjane na mbuzi wake aliyepotea, na walipoisikia kwa watoto kumi wakawa wanaijua yote kichwani, hivyo mtoto akiruka neno moja tu Albertine anainua kijiti chake cha kugeuzia, macho yakiwa kwenye samaki, na kusema, "Weye, umekula neno. Rudia." Hata Kifaransa, ambacho hawakielewi, walijua kwa sikio kwamba sentensi ya leo imekuwa fupi kuliko ya jana.

Na si kusoma tu. Akina mama walichota maji ya shule, walileta samaki wa chakula cha mchana, waume zao walituchomea matofali ya chumba cha tano, na mwaka jana wanafunzi wetu wote kumi na tisa wa mwaka wa sita walipita mtihani wa taifa, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa. Bwana inspecteur akaja mwenyewe kwa pikipiki, akaniuliza siri ni nini, na mimi, Mama Viviane, badala ya kunyoosha mkono kuonyesha ufuko, nilinyoosha kola ya shati. Niliandika rapport ya kurasa kumi na moja yenye michoro miwili, nikaiita Méthode Ambroise, na akina mama wanatajwa humo mara moja, ukurasa wa tisa, chini ya kichwa "Mazingira", pamoja na upepo na mbu. Nikaitwa Likasi kwenye semina, nikaeleza Méthode Ambroise kwa dakika arobaini, nikapigiwa makofi mpaka nikasimama mara ya pili, na nikaambiwa kwamba mwezi wa tano wageni kutoka Lubumbashi watakuja kujionea Méthode Ambroise ikifanya kazi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona moshi. Nilikuwa nauona kila siku, lakini sasa niliuona kwa macho ya wageni, pamoja na magamba ya samaki kwenye vitabu, na akina mama wenye vitenge vilivyokunjwa mpaka magotini wakiwafokea watoto wa watu mambo ya Kifaransa wasiyoyajua, nikasema hapana, wataalamu hawawezi kukuta vurugu hii. Mwezi wa pili nikasimamisha bango kwenye lango, herufi nyekundu: "Kazi ya shule ni ya watu wenye sifa. Wasio na sifa wasiingie wala wasijihusishe." Kwa kuwa akina mama hawasomi, walimwita Jaël, msichana wa mwaka wa sita, mjukuu wa Albertine, awasomee. Alisoma vizuri sana bila kukwama, na Albertine akamrudisha mara tatu kuhakikisha hakuna neno lililoliwa, kisha wakachukua ndoo zao wakaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo hakuna maji. Wanaume walioleta matofali walifika langoni wakayapanga kwa nje, safi kabisa, mstari juu ya mstari, na hakuna aliyevuka. Samaki wa mchana wakakoma. Watoto bado wanaenda ufukoni kugeuza samaki, lakini vitabu wanaambiwa waviache nyumbani. Nilishuka kwa Albertine kumuuliza.

"Mama Albertine, mayi ya batoto iko wapi?"

"Ah, Directeur! Sie hatuna diplôme ya mayi."

"Lakini bango inasema juu ya masomo tu."

"Hapana, Directeur. Jaël alisoma muzuri. 'Wasijihusishe.' Njo vile tuko tunakuheshimia."

Na ananiheshimu kweli, hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu alinipa kiti, akanifungia samaki wawili wa kupeleka nyumbani, akauliza habari za Eugénie na za mgongo wangu, na hakuna hata neno moja baya lililotoka kinywani mwake ambalo ningeweza kulikasirikia.

Wiki iliyopita tulifanya mtihani wa majaribio. Kati ya wanafunzi ishirini na mmoja wa mwaka wa sita, sita tu ndio waliosoma kifungu mpaka mwisho. Jaël, aliyekuwa wa kwanza darasani, alisimama katikati ya mstari wa tatu akageuka nyuma kama anayengoja mtu aseme kitu, na hakuna aliyesema. Mwalimu wao, Arsène, ambaye ni kijana mnyoofu kupita kiasi, alinieleza kwamba darasani kila mtoto anapata dakika tatu za kusoma kwa sauti kwa wiki nzima, wakati kule kwenye moshi walikuwa wanasoma kila siku mpaka sauti zikauke. Mtihani wa kweli ni mwezi wa sita, wageni wanakuja baada ya wiki tatu, wakishindwa wale watoto wengi wao hawatarudia mwaka, wataingia kwenye mitumbwi na kwenye vichanja na habari ya shule itakwisha, na mimi silali vizuri wala sili vizuri.

Kwa hiyo naomba unishauri, nifanye nini ili akina mama warudi bila mimi kulazimika kusema mbele ya watu kwamba méthode si yangu? Nilikuwa nimefikiria kuwaandikia barua rasmi ya mwaliko, yenye muhuri.

Ni mimi, Directeur aliyebanwa, Tshangalele.

MAMA VIVIANE ANAJIBU

Monsieur le Directeur, uliniomba nifiche jina lako na nimejitahidi, lakini umelibandika kwenye méthode na méthode umeitaja mara tatu. Ndugu za Eugénie nawaombea wasicheke kwa sauti.

Pole. Naisema kwa dhati, kwa sababu kidogo nakuelewa. Mtu anafundisha miaka kumi na saba bila mkubwa yeyote kumuuliza hata kama amekula, halafu siku moja pikipiki inasimama mlangoni, kalamu inatoka mfukoni, anaulizwa siri yake, na ulimi unateleza. Ulimi wa nani usingeteleza? Wangu ungeteleza. Hilo linasameheka. Lakini ulimi ukishateleza mtu haendi kununua rangi nyekundu! Uliogopa wageni wasije wakaona moshi, ukaufukuza, na watoto wako wakaacha kusoma. Unataka nini kingine uonyeshwe ili uamini?

Tena unawaandikia barua yenye muhuri watu wasiosoma. Nani atawasomea? Jaël? Mtoto uliyemnyang'anya wasikilizaji ndiye umtume kuwarudisha. Ona haya, Directeur.

Unaniuliza jinsi ya kuwarudisha bila kukiri. Hiyo sijui, na ningeijua nisingekuambia. Wale mama hawajagoma. Waliogoma unaweza kujadiliana nao. Wale wanatii, na mtu anayekutii huwezi kumwomba chochote mpaka uondoe amri yako.

Basi Jumatatu, watoto wakiwa bado uwanjani, liondoe bango kwa mikono yako. Usimtume Arsène, usimtume mwanafunzi. Ulibebe mpaka ufukoni, uwape akina mama walitumie kama kuni, mbao ni mbao. Sema kwa Kiswahili, usilete neno "collaboration" wala "partenariat", sema nilikosa, matunda ni yenu, mimi nimejipa sifa, naomba mrudi kwa ajili ya hawa ishirini na mmoja. Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kutakuwa kugumu kwako kuliko kuomba radhi, lakini nyamaza. Ukipewa kiti, usikae. Shika ndoo.

Kisha mwandikie inspecteur rapport nyingine, ukurasa mmoja unatosha, bila mchoro, umweleze Albertine ni nani na anafanya nini na kijiti chake. Utapoteza makofi ya Likasi, ni kweli, na kwenye semina ijayo huenda ukakaa nyuma. Utazoea. Wageni wakija uwapeleke moja kwa moja kwenye vichanja, wakae chini, wakohoe, wanuke samaki mpaka Lubumbashi, na mtoto asome mbele yao. Na matofali yale yaliyopangwa nje, wewe na Arsène anzeni kuyaingiza wenyewe. Nina hakika hamtafika la kumi kabla hamjapata wasaidizi.

Sasa kuna jambo sikutaka kulichapisha, lakini umenilazimisha. Siku mbili kabla ya barua yako nilipokea nyingine kutoka ufuko huohuo, karatasi ya daftari, mwandiko wa mtoto wa mwaka wa sita, wenye kuituma hawakuomba nifiche chochote. Nainakili kama ilivyo:

"Mama mushauri, tuko na directeur wetu, ni muntu wa kazi, alikosa kidogo tu. Batoto beko na mutihani mu mwezi wa sita na sie tunaona banaanza kusahau. Tunapenda kurudia kubasikiliza. Lakini tukirudia bila yeye kutuita, batu batamucheka, batasema bamama banamushinda. Tufanye namna gani asipate haya?"

Nilisoma, Directeur, nikalia ofisini kwangu, mimi ambaye kazi yangu ni kukaripia watu. Wewe kurasa kumi na moja hukupata nafasi ya majina yao. Wao karatasi moja ya daftari, na yote wameitumia kukulinda wewe.

Nimewajibu. Nimewaambia wakupe mpaka Jumatano, na Alhamisi waingie bila kukuuliza.