Kondoo Wanaoota Ardhini

Mjukuu wangu, mume wangu Tumaini,

Hapa Mbeya hatujambo, mama yako anavuna viazi. Unauliza Wachina wa kale waliifikiriaje hiyo Ulaya uliko.

Wakati wa usichana wangu niliuza mboga kwenye kambi ya Wachina waliojenga reli. Mkalimani wao alinisimulia kwamba wazee wao waliamini huko magharibi ya mbali wanakondoo huota ardhini kama mahindi, kitovu kimeshikwa na udongo. Ukikikata, wanakufa. Basi watu hupiga ngoma. Wanakondoo wakishtuka, kitovu hukatika chenyewe, nao huenda zao.

Yeye alicheka. Mimi sikucheka, maana sisi huzika vitovu vya watoto. Nani aliwaambia?

Chako nilikifukia mwenyewe penye mgomba wa uani. Ngoma sijapiga.

Bibi yako